Mashati ya Dastani

Mbekenyera, Ruangwa
10 Machi 2024

Wifi yangu Makrina,

Shikamoo. Najua utasema wifi haamkiwi hivyo, lakini umenizidi umri na mimi nimeshaota mvi za kutosha kujua adabu.

Huku hatujambo. Mvua imetukamata, barabara ya kwenda Ruangwa ni tope tupu, na mahindi ya watu yamenawiri kuliko watu wenyewe. Leti wangu amerefuka. Ile sketi ya shule uliyomshonea mwaka jana sasa inaonesha magoti, na mwalimu mkuu ameshaanza kunitupia jicho. Mama anaendeleaje na miguu? Mwambie ile dawa ya kuchua aipake yeye, asiigawe kwa majirani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na namba yako ninayo. Nyumba hii ya walimu ina vyumba viwili na ukuta wake hauzuii hata kikohozi. Kila nikikupigia, Leti anakuja kukaa mlangoni asikilize. Halafu sisi wawili, tangu kaka yako Dastani afariki, tukishika simu ama tunalia ama tunarushiana maneno. Kwenye barua angalau nitamaliza sentensi. Harithi, konda wa ile Hiace ya Nachingwea, amekubali kuzibeba barua zetu, na zako kuniachia dukani pale stendi ya Ruangwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita tulilala kwa masista, Leti akapewa kitanda chenye blanketi la vipande. Unalijua: vitambaa vya kila namna vimeungwa vikawa kimoja, katikati kuna blanketi kuukuu, chini shuka, na vyote vitatu vimepigwa cherehani pamoja. Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Anataka kushona la kwake, kwa mkono wake, kwa mashati ya baba yake. Anasema anataka kujifunika Baba. Miaka kumi, wifi, na hivyo ndivyo alivyosema.

Cherehani ipo. Mwalimu mwenzangu amestaafu akaniachia yake ya miguu. Mimi, unajua, hata kifungo nikikishona kinakaa upande. Kwa hiyo nakuomba mawili: umfundishe mwanao kwa barua, na uniletee mashati. Lile la bluu, lile la drafti, na lile la mistari alilovaa siku Leti alipopata komunyo. Niliyaona kwenye mkeka siku ile tulipomaliza msiba.

Ningependa liishe kabla ya mwaka kuisha. Usiniulize kwa nini.

Wifi yako,
Laurencia


Nachingwea
14 Aprili 2024

Wifi Laurencia,

Marahaba, kama ndivyo unavyotaka, mvi zako mimi sizikubali. Barua yako Harithi alikaa nayo mfukoni mpaka ikatoka jasho, lakini imesomeka. Mama yuko vile vile, dawa anagawa, na ukimkataza anasema miguu ni yake. Kasmiri mwanangu amenunua pikipiki ya kubebea abiria na sasa hashikiki nyumbani. Mimi nimejaa vitambaa vya kina mama wa parokia, kila mmoja anataka mshono ambao jirani yake hana.

Nimecheka kusikia Leti ameingiwa na mdudu wa cherehani. Basi mwambie shangazi yake anasema hivi. Asianze na kitambaa. Atoe uzi kwenye sindano, achukue karatasi ya daftari yenye mistari, aishone ile karatasi akifuata mstari, miguu ikienda polepole. Akitoka nje ya mstari, matundu yatamsema, hana haja ya mwalimu. Akizoea hapo ndipo atie uzi.

Vipande akate kwa kipimo kimoja. Achukue boksi la sabuni, akate pande lililo sawa pembe zote, aliweke juu ya kitambaa, azungushe chaki, akate. Asipime kwa macho, macho ya mtoto yana haraka. Akiunga, mshono uwe ndani kwa upana wa ule mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa, kila mara upana huo huo. Akikosea huku kidogo na kule kidogo, mwisho wa safari pembe hazitakutana. Kila akimaliza mstari apige pasi. Na asivute kitambaa. Cherehani inajua kula yenyewe.

Ndani ya mfuko huu kuna vipande vya vitenge. Vizuri, havichuji. Aanze navyo.

Nisalimie walimu wenzako wote.

Makrina


Mbekenyera
12 Mei 2024

Wifi,

Asante kwa vitenge. Leti ameshona karatasi mpaka daftari langu la maandalio ya masomo limebaki jalada. Sindano moja imevunjika kwa sababu alivuta, baada ya wewe kusema asivute na mimi kurudia asivute. Ameunga vitenge vyako, pembe zimekutana ovyo, akafumua mwenyewe kwa wembe bila kuambiwa. Hapo nikajua hatanii.

Lakini juzi ameviweka pembeni. Amesema ni vizuri, ila si Baba.

Umenijibu kila kitu wifi, isipokuwa mashati.

Laurencia


Nachingwea
23 Juni 2024

Wifi Laurencia,

Nimechelewa. Ningeweza kusingizia ufuta, maana kweli tumevuna na mgongo wangu unaujua. Lakini si ufuta.

Mashati sina.

Siku ile nguo zilipokaa katikati ya mkeka, zilikwenda zinakokwenda. Kwetu nguo za mwanamume huchukuliwa na wapwa zake, watoto wa dada zake, kwa kuwa hao ndio ukoo wake. Watoto aliowazaa mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Ndivyo zilivyogawanywa za mjomba wetu, na za mjomba wa mjomba. La drafti akapewa Agapiti, mtoto wa marehemu dada Koleta, yule anayelima Naipingo. La mistari akapewa Kasmiri wangu. La bluu akavalishwa Tadeo, kaka yake Agapiti, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyerithi jina. Leo ukija hapa ukamuuliza Mama, Dastani yuko wapi, atakuonesha Tadeo.

Nilikutazama siku ile. Ulikaa karibu na mlango, Leti mapajani, hukutamka neno. Nikasema moyoni, wifi ni mwalimu, ana mambo yake, hana haja na mashati makuukuu. Hakuna aliyekufanyia hila.

Na kitu kilichogawanywa msibani hakirudishwi. Kumwambia mtu arudishe ni kumwambia hakustahili kupewa. Siwezi kupita milango ya watoto wa dada yangu nikidai. Mfundishe Leti kwa vitenge, na kama haviridhishi nitamtumia vingine.

Usiniombe tena hilo, wifi.

Makrina


Mbekenyera
14 Julai 2024

Wifi Makrina,

Sisi wazima, watoto wamerudi shuleni kutoka likizo, upepo unavuma. Salamu zimeisha.

Unajua kwa nini nilinyamaza siku ile? Kwa sababu kwetu Muleba mtoto ni wa baba. Watu wa baba yake ndio humwita, humsogeza, humpa chake, na mama hanyooshi mkono. Nilikaa mlangoni nikingoja mumwite Leti. Nyinyi mlikuwa mnangoja mimi niseme. Tukaheshimiana pale mkekani, watu wazima wote wale, kila mmoja na mila zake, na mtoto akatoka mikono mitupu.

Nimekasirika, na sikufichi.

Sasa nakuambia kwa nini nilisema kabla ya mwaka kuisha. Niliomba uhamisho kurudi nyumbani na umekubaliwa. Januari natakiwa niwe Muleba. Nikampigia baba yangu nikidhani atafurahi. Akasema njoo, chumba kipo, ila mtoto wa watu mwachie watu wa baba yake, hapa atakuwa mgeni mpaka azeeke. Hakusema kwa ubaya, wifi. Kwao hivyo ndivyo ilivyo, kama kwenu ilivyo hivyo. Kwetu ni wenu, kwenu ni wetu.

Nikajiambia: nitaomba mashati. Wakimletea, nitajua wanamhesabu, na hata nikimwacha Nachingwea atakuwa kwao. Wasipomletea nitajua pia. Barua yako ya Juni imenipa jibu ambalo sikulitaka.

Leti hajui habari ya Januari. Ya mashati nimemwambia ukweli. Hakulia. Amefunika cherehani kwa khanga na hajaigusa tangu hapo.

Laurencia


Nachingwea
1 Septemba 2024

Wifi Laurencia,

Mama anakusalimu. Ameota umempikia ndizi, na ameamka anadai. Mikorosho imeanza kutoa maua, watu wanapuliza salfa mpaka mji wote unanuka kiberiti.

Barua yako nimeisoma jikoni, nimeisoma kanisani, nimeisoma nikiwa nimekanyaga cherehani mpaka nikashona mkono wa gauni la mtu ukazibika. Mwanzoni nilikuwa na hasira na wewe. Halafu nikakumbuka Leti alivyokuwa siku ile, na riboni yake nyeusi, akiyafuata mashati kwa macho kila yalipokwenda. Nilimwona. Sote tulimwona.

Basi nikafikiri kama fundi. Shati halirudishwi, sawa. Lakini shati hutengenezwa. Nikapeleka habari kwa wapwa wote kwamba mwaka umepita, mashati ya marehemu wayalete kwangu niyaangalie mishono yasije yakawa matambara na watu wakatusema. Nani atakataa kushonewa bure? Na vipande vinavyobaki kwa fundi ni vya fundi. Tangu nianze kazi hii sijaona mteja aliyerudi kudai vipande.

Agapiti alikuja na la drafti akitokea moja kwa moja shamba, amepulizia salfa nalo, kifua chote kimegeuka njano. "Mama mdogo, hili nalo unalitengeneza nini? Hili limeshakuwa la kazi." Nikamwambia avue. Nimelikata pindo la chini, lile linaloingia ndani ya suruali, ambalo halijaona salfa wala jua, nikalipiga pindo jipya juu yake. Kasmiri la mistari limempauka mgongoni kwa kushinda kwenye pikipiki. Nimetoa pindo la chini na mfuko wa kifuani, nikamwekea mfuko mwingine. Aliniuliza mfuko wa kwanza ulikuwa na kosa gani. Nikamwambia ulikuwa na kosa la kutokuwa wa mwanangu mwingine, Leti. Akasema nichukue na kola kama nataka.

Nao wote wamerudishiwa mashati yao. Hakuna aliyenyang'anywa, mila haijavunjwa, na Mama mwenyewe alikuwa amekaa pale akiniona nikikata. Aliniuliza tu kama mkasi umenolewa.

Tadeo amekataa. Alisimama mlangoni na shati la bluu mwilini, la kwendea misa, akasema, "Mama mdogo, najua unachokifanya. Hili halikatwi kwa ujanja." Akaondoka. Nimemfuata mara mbili, nimemtuma Agapiti, bado. Sijamaliza naye.

Vipande viko ndani ya mfuko. Mwambie Leti afunue cherehani. Mistari akiunga na drafti atazame upande: nyuzi za kitambaa ziende njia moja, la sivyo kikifuliwa kitajikunja. Mfuko wa Kasmiri aushone kama ulivyo, juu ya kipande, asiufungue.

Kuhusu Januari, nimesoma. Sijajibu, na si kwamba nimesahau.

Makrina


Mbekenyera
20 Oktoba 2024

Wifi yangu,

Shikamoo. Hatujambo. Korosho zimeanza kudondoka na darasani wanafunzi wanapungua kila asubuhi, wako mashambani na wazazi wao. Leo nina cha kukuambia, na natamani ungekuwepo.

Siku mfuko ulipofika, Leti aliumwaga kitandani, akachukua kipande kimoja kimoja akakiweka puani. La drafti akalirudisha. "Baba hakunuka hivi." Kweli, wifi, salfa ilikuwa imefika mpaka pindoni. Akalifua, akalianika, akalinusa, akalifua tena. Nilimwambia inatosha. Akaniambia kaka Agapiti amelivaa vibaya, yeye atalinyoosha. Mwisho likanuka sabuni, akakubali.

Halafu akashona. Miguu yake inafika kwenye kanyagio kwa vidole tu, kwa hiyo anasimama nusu, anakaa nusu. Nilijaribu kumkanyagia mimi yeye aongoze kitambaa, tukapishana, uzi ukajisokota chini kama kiota. Akaniangalia vile baba yake alivyokuwa akiniangalia nikimwekea chumvi nyingi. "Mama, wewe shika huku tu." Nikashika huku tu. Ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Amefumua zaidi ya alivyoshona. Mara mbili alikuwa ameunga kipande uso kwa mgongo. Mara nyingine mshono ulikuwa mwembamba, kikaachia. Sikumsaidia kufumua, alikataa. Vitenge vyako vimepata kazi sasa: amevizungusha pembeni kama uzio, na mashati yamo ndani. Mfuko wa Kasmiri ameushona mahali ambapo mkono wake unafika akiwa amelala.

Katikati ameacha wazi. Kipande kimoja tu, pale pale katikati, ukitazama unaliona blanketi la chini. Nilimwambia aweke kitenge amalize. Akasema pale ni pa bluu. Nikamwambia kaka Tadeo amekataa. Akasema, "Sasa hivi amekataa."

Na ile shughuli ya kupitisha matabaka matatu chini ya sindano, hatuiwezi. Linajaa, linagoma. Tuelekeze.

Juzi amesikia walimu wakizungumza na sasa anajua habari ya Muleba. Ameniuliza swali moja tu: blanketi litalala wapi. Nimemwambia sijui. Ofisi inataka niseme mwezi wa kumi na mbili kama naripoti. Baba yangu hajabadilika. Na wewe, wifi, bado hujajibu.

Laurencia


Nachingwea
17 Novemba 2024

Wifi Laurencia,

Nianze na blanketi, maana hilo nalijua. Badilisha sindano, weka ile nene ya kushonea jinzi. Achome pini kila mahali matabaka yasitembee. Aanzie katikati akitoka nje, asianzie pembeni hata siku moja. Pande mbili azikunje kama mkeka, kulia na kushoto, katikati ibaki njia ya sindano. Na uzito usining'inie. Wewe simama nyuma ya cherehani ubebe, ulegeze kadiri anavyokuja. Mishono iwe mirefu. Kwa kuwa katikati bado pako wazi, angoje.

Sasa jibu lako.

Ukiniuliza kama namtaka Leti, namtaka. Siku niliyosoma barua yako ya Julai niliihamishia cherehani yangu ukumbini, nikafagia kile chumba, nikaweka kitanda. Kasmiri ameuliza ni cha nani nikamwambia anyamaze. Kipo mpaka leo, kimetandikwa. Ndiyo sababu sikukujibu. Nilijua nikisema tu "mlete", utamleta, kwa kuwa umechoka na umebanwa, na mimi nitalala nimefurahi na mtoto atalala akiwa amepoteza na mama. Amempoteza mmoja. Sitakuwa mimi wa kumsaidia kumpoteza wa pili. Kwa hiyo namtaka, na sikuambii umlete. Uamuzi ni wako, nami sitakulaumu kwa wowote.

Tadeo amekuja jana. Nilimkuta amekaa uani na Mama, shati la bluu limepigwa pasi. Nikamwambia kama amekuja kunisema, aanze. Akasema, "Mama mdogo, mimi nilipewa jina la mjomba mbele ya watu. Nikapewa na shati. Mtoto wake hakuna aliyeniambia habari zake, anahama, anabaki, nimesikia kwa abiria wa Kasmiri. Halafu mnataka kunipunguza pindo kwa kisingizio cha mshono. Mimi si mteja." Wifi, aliniweza. Tulimfanyia yeye yale yale tuliyomfanyia Leti, tukamzunguka.

Nikamuuliza basi anataka nini. Anataka kuja mwenyewe. Anasema likatwe, lakini likatwe na Leti mwenyewe, huku yeye akimtazama. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atapanda gari ya Harithi. Mpokee, mpe chakula, na umnolee Leti mkasi.

Makrina


Mbekenyera
8 Desemba 2024

Wifi yangu Makrina,

Shikamoo wewe na Mama. Sisi ni wazima, nadhani hatujawahi kuwa wazima hivi tangu msiba.

Tadeo alifika mchana na vumbi lote la njia, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Leti alikuwa amesimama nyuma yangu. Unajua Tadeo amefanana na Dastani kwa mabega, na kwenye lile shati, kwa kumtazama kwa nyuma akiwa ananawa mikono, nilishika mlango. Leti hakushika kitu. Alizunguka akaenda kumtazama usoni, kwa muda mrefu, mpaka akajiridhisha ni nani.

Alikula ugali na mchicha. Alipomaliza akafungua vifungo, akavua, akalitandaza mezani, akakaa kwenye kiti na singlendi kama yuko kwake. "Haya, binti. Kata unapotaka." Leti akaweka pande lake la boksi kwenye pindo la chini. Akazungusha chaki. Akachukua mkasi, akaurudisha mezani.

Akamuuliza, "Kaka Tadeo, mimi ni wa nani?"

Wifi, mimi ni mwalimu, nimezoea maswali. Lakini nilitazama sakafu. Tadeo hakutazama sakafu. Akasema, "Wewe ni wa mama yako. Na sisi ni wako. Mimi, Agapiti, Kasmiri, shangazi yako, bibi yako na miguu yake. Sisi wote ni wako. Sasa shika mkasi vizuri, unakata shati la watu."

Akakata. Akashona kile kipande katikati, pembe nne zote zikakutana, nikaziangalia mwenyewe kwa karibu kwa sababu niliogopa. Halafu tukalikunja blanketi kama ulivyosema, yeye kwenye kanyagio, mimi huku na Tadeo kule tumebeba uzito. Kuna mahali mstari umekwenda kombo kama njia ya ng'ombe. Tulimwambia afumue. Alipotazama akasema hapana, hapo kaka alicheka akatikisa, na pabaki hivyo. Jioni ilipoingia alikata uzi wa mwisho kwa meno, na mimi nikamgombeza kwa meno yake, maana nilihitaji kusema kitu.

Tadeo amerudi na shati fupi. Halichomekeki tena. Misa ya Jumapili mtamwona nalo liko nje, na msimcheke.

Usiku ule Leti alilala kabla ya kumaliza sala. Mimi niliamka nayo maneno ya Tadeo, nikaenda nayo shuleni, nikarudi nayo. Maisha yangu yote nimesikia mtoto ni wa nani. Sijawahi kusikia watu wakijitaja kuwa ni wa mtoto. Baba yangu ana chumba changu Muleba, na ni baba mwema, lakini chumba ambacho mwanangu ni mgeni ndani yake si changu. Na kitanda chako ulichokitandika, nakishukuru kuliko ninavyoweza kuandika, lakini hatakilalia peke yake.

Jumatatu nilipanda bodaboda mpaka Ruangwa, nikaingia ofisini, nikaandika kwamba sihami. Karani aliniuliza sababu. Nikamwambia ni za kifamilia, na kwa mara ya kwanza neno hilo nimelisema bila uchungu. Baba amenuna. Nitampelekea Leti likizo ya Juni amwone, na ataamua mwenyewe kama ni mgeni.

Usikivunje kile kitanda, tutakihitaji tukija. Lakini Krismasi njooni nyinyi huku, wewe na Mama, Kasmiri awalete mpaka stendi. Nyumba ni ya vyumba viwili na vitanda havitoshi. Cha kujifunika kipo.

Wifi yako,
Laurencia